Barafu ya ziwani mbona inapiga kelele hivyo?

SWALI: Za kazi wahariri. Mdogo wangu anasoma Finland, mji wa Tampere, juzi kanitumia voisi ya ziwa limeganda, inasikika piuuu kama bunduki za kwenye muvi za anga halafu kishindo kizito. Nikamwambia toka hapo inayeyuka hiyo utazama, yeye anacheka tu, mama huku presha juu. Barafu ikiyeyuka ndo inalia hivyo?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Dada pole, ila mpe pole zaidi mama. Huo mlio mara nyingi wala sio wa kuyeyuka, barafu inatanuka na kusinyaa baridi ikipanda na kushuka, inapata ufa, sasa ule mtikisiko ukisafiri ndani ya barafu sauti nyembamba zinakimbia kuliko nene, ndo maana aliye mbali na ufa anasikia nyembamba kwanza halafu inashuka. Piuuu. Hata barafu nene kabisa inalia.

Ya kuogopa ni ile ya kuanzia mwezi wa nne hivi, jua limeipiga mpaka imeachana ndani kwa ndani, imebaki vijiti virefu vimesimama wima, kwa macho unaiona nene tu ila ukikanyaga umekwenda. Hiyo upepo ukiisukuma inalia taratibu kama vioo vinagongana, yaani tamu kuisikiliza, na ndo inayoua.

Kuna nyingine ya Alaska na Greenland, theluji ya miaka na miaka iliyogandamizana ikabana hewa ndani, ikifika baharini ikayeyuka vile vipovu vinapasuka kimoja kimoja. Watafiti walitumbukiza maikrofoni kwenye ghuba ya Icy Bay, Alaska, na mwaka 2015 wakaandika kwamba ghuba inakoishia barafu ya hivyo ni kati ya sehemu zenye kelele kuliko zote baharini. (Barafu ya friji ikilia kwenye juisi yako ni joto la ghafla tu, usiseme umeisikia Greenland.)

Na siku yenyewe ya kuvunjika hakuna anayeijua. Nenana, hukohuko Alaska, watu wanabeti tangu 1917 mto Tanana utaachia barafu siku gani na dakika gani, wanasimamisha mnara wa miti juu ya barafu wanaufunga waya mpaka kwenye saa, mnara ukisogea saa inasimama, mshindi kapatikana. Kama wenyeji wenyewe wanabahatisha, mdogo wako akiona wavuvi wa pale wameacha kupanda ziwani na yeye aache, voisi arekodi akiwa nchi kavu.