Dada mwenye mimba, usiache maharagi

Dada zangu wa Bukavu na popote mlipo, leo nataka tuongee mambo ya tumbo, na sisemi tumbo la uzazi peke yake, nasema na lile la chakula, juu haya mawili yanasikilizana kuliko tulivyokuwa tunafikiri.

Mimba yangu ya kwanza niliibeba na mkate mweupe na sukari. Nilikuwa nafanya kazi Nyawera, asubuhi mkate na chai, saa sita biskuti na sikre (soda) ya baridi, jioni mchele mweupe, na nikifika nyumbani Kadutu nimechoka siwezi hata kuwasha babula, jiko la makaa. Maharagi nilikuwa siyataki kabisa, nilisema ni chakula cha internati (shule ya bweni), sombe nayo, majani ya muhogo, ikipikwa kwa jirani natoka nje. Siku nne tano siendi chooni. Mtoto akazaliwa, na mwaka wake wa kwanza wote ni kuharisha na dawa, kila akiharisha nakimbia farmasi ya pale chini, wananipa antibiotiki bila ordonansi ya daktari, bila kipimo chochote, nami nampa siku mbili akichangamka naacha. Sisemi mkate wangu ndo ulimgonjesha, mtoto anaharisha juu ya maji, juu ya mikono michafu, juu ya mambo mingi. Lakini zile antibiotiki za bure bure mpaka leo zinaniuma.

Mimba ya pili tukawa tumehamia kwa mama mkwe. Ule mama kila jioni anakaa chini na lungo ya maharagi kwenye magoti, anachagua mawe moja moja na kidole, hata umeme ukikatika anaendelea na tochi ya simu. Siku moja niliacha sahani, akaniambia: "Mwanangu, kama unakula muzuri haiko weye peke unakula, ni mutoto, na mutoto wa mutoto." Nilifikiri ni maneno ya wazee tu. Kumbe ni kweli hata kwa sayansi: ukibeba mimba ya msichana, mayai yake ya uzazi yanatengenezwa akiwa bado ndani yako. Maana yake mjukuu wako tayari ana mwanzo wake mle tumboni, na unapokula mko vizazi vitatu.

Halafu kuna bakteria. Ndani ya utumbo mkubwa tunaishi na mikrobi mingi sana, na nyingi ni marafiki, zinakula yale mwili wetu hauwezi kusaga, ndo zile nyuzinyuzi za maharagi, mboga, mahindi, ndizi. Mtoto anapozaliwa njia ya kawaida anazipokea nyingi za kwanza kwa mama yake, na kwenye maziwa ya mama kuna aina ya sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kusaga, iko pale kwa kulisha bakteria zake. Mungu alifikiria mpaka hapo! Sasa mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, Erica na Justin Sonnenburg pamoja na wenzao, walichapisha utafiti wa panya waliowekewa bakteria za binadamu. Wakawanyima nyuzinyuzi kizazi baada ya kizazi. Kufika kizazi cha nne, karibu robo tatu ya aina za bakteria alizokuwa nazo baba wa babu yao zilikuwa zimepotea, na kuwarudishia chakula kizuri peke yake hakukuzirudisha zote, ilibidi wawekewe tena bakteria kutoka kwa panya ambao hawakuacha kula nyuzinyuzi. Panya si mtu, najua, lakini mi nilisoma ile nikaangalia lungo ya mama mkwe nikanyamaza.

Na tusihukumiane. Mama yangu mzazi alinibeba mwaka 1996, vita ilipoingia Bukavu, akakimbia na mimi tumboni akila kile porini kinatoa. Kule Uholanzi pia, watoto waliotungwa mimba wakati wa njaa ya 1944 na 1945 walipokuwa watu wazima walionekana na ugonjwa wa sukari na unene kuliko wenzao. Mama mwenye njaa hana kosa. Mi naongea na sisi tuko na maharagi sokoni Kadutu na tunayapita tukienda kununua biskuti.

Mtoto wa pili nilimnyonyesha miezi 6 maziwa tu, hata maji hapana. Hapa na mama mkwe tulikwaruzana kidogo, juu alitaka kumpiga lavema na ile mpira ndogo ya kusukumia dawa matakoni, wamama wetu wanaipenda sana, eti kusafisha tumbo. Nilimwomba kwa heshima, mama, tumbo ya mutoto haiko chafu, tuiache. Alikasirika siku mbili, akaacha. Mashanza nayo, maziwa yetu ya kugandisha, nakunywa, lakini maziwa tunachemsha kwanza ndo tunagandisha, mwenye mimba asinywe ya maziwa mabichi. Antibiotiki daktari akiandika nameza na namaliza dozi, sikatai dawa, nakataa kujiandikia, juu antibiotiki inaua hata zile bakteria marafiki.

Unga wa mahindi siku hizi sichekechi sana, mboga ya lengalenga karibu kila siku, sambaza, wale samaki wadogo, ikipatikana. Na kama ulikuwa mtu wa mkate kama mimi, usianze na sahani imejaa, tumbo litajaa hewa utasema nimekudanganya. Loweka maharagi usiku, maji yale mwaga, pika yaive mpaka yapondeke na kijiko, kula vijiko vitatu vinne leo, kesho kutwa ongeza, na kunywa maji. Mi ilinichukua kama wiki tatu tumbo kunyamaza, na kwenda chooni kila asubuhi kulianza hata kabla ya hapo.