Neno "tafadhali" liliniponza mimi kabla yako

Mwenzetu ameuliza hivi: ana mwezi wa pili anajibu wateja kwa WhatsApp katika kampuni ya ving'amuzi. Mteja kalipia kifurushi, chaneli hazijafunguka, kalalamika mara tatu. Yeye akamjibu, "Tafadhali zima king'amuzi kisha uwashe kama ulivyoelekezwa. Asante." Mteja akarudisha, "Acha dharau, kijana." Sasa anauliza dharau iko wapi, na mwanzo kaweka tafadhali, mwisho kaweka asante.

Ndugu yangu, nakuamini kwamba hukukusudia. Nimefanya kazi hiyohiyo miaka sita hapa Dar es Salaam, kitengo cha huduma kwa wateja, kampuni moja inayotoa huduma ya pesa kwa simu. Miaka minne kati ya hiyo nilikuwa sipokei simu kabisa, najibu meseji tu. Nianze na hilo neno tafadhali.

Shuleni tulifundishwa kwamba ni neno la adabu, na ni kweli. Lakini sikiliza mtaani kwako linavyotumika. Mama akimtuma mtoto wa jirani dukani husema, "Naomba unichukulie chumvi." Mtu akitaka kupita kwenye watu husema, "Samahani, naomba nipite." Tafadhali huja lini? Mara nyingi huja pale mtu anapoona mwenzake anavuka mpaka: "Tafadhali sana, usinizoee." Kwa hiyo masikioni mwa wengi limekaa jirani na onyo. Ukilitamka kwa sauti ya upole halina tatizo, ila kwenye skrini sauti haipo. Ukilifuatisha na kitenzi cha amri kama "zima", mtu aliyekwisha kasirika haoni ombi hapo, anaona umemnyooshea kidole.

Hata hivyo, lililomuumiza zaidi nadhani ni "kama ulivyoelekezwa". Maneno hayo mawili yanamwambia: uliambiwa, hukusikia. Huenda alizima na kuwasha mara nne kabla hujaamka. Na ile asante ya mwisho, yenye nukta yake, kwake ni mlango uliofungwa.

Nasema haya kwa sababu nimeyafanya. Mwaka wangu wa kwanza baba mmoja alituma shilingi laki mbili na nusu kwenye namba isiyo sahihi. Ilikuwa ada ya mtoto. Kwetu, ukipata taarifa kama hiyo kitu cha kwanza ni kuangalia kama aliyepokea ameshatoa. Kama pesa bado ipo unaizuia, kisha anapigiwa aliyepokea. Nilipofungua meseji yake nilikuta pesa ipo. Nikaizuia palepale, haikuchukua dakika tano. Kisha nikamwandikia: "Tafadhali hakikisha namba kabla ya kutuma. Ombi lako linashughulikiwa."

Akajibu, "Asanteni sana kwa mafunzo." Nikaandika, "Karibu sana."

Sikuona kijembe. Siku hiyo nilikuwa nimejibu watu zaidi ya mia, na mmoja aliyesema asante alikuwa kama maji ya kunywa. Kesho yake asubuhi akaja ofisini, hajalala. Alipoambiwa pesa yake ilizuiwa tangu jana saa kumi jioni, alikaa kimya kidogo, akaniuliza, "Sasa kwa nini hukuniambia?" Sikuwa na jibu. Kazi nilikuwa nimeifanya, tena vizuri, lakini kwenye maneno yangu haikuonekana. Kilichoonekana ni somo juu ya kosa ambalo alikuwa akijilaumu kwalo usiku kucha. Swali lake bado ninalo.

Tangu hapo nikaanza kuamini kwamba meseji haina sauti mpaka msomaji aipe yake, naye huipa sauti ya mtu wa mwisho aliyemtesa. Mteja wako alikusoma kwa sauti ya wakala aliyemzungusha na simu ya huduma kwa wateja iliyomweka kwenye muziki nusu saa. Na sisi tunawasoma wateja vilevile. Matusi ya mteja wa saa tatu asubuhi tunambebesha mteja wa saa tatu na robo.

Mwenzangu wa dawati la pili aliwahi kugoma kumjibu mtu aliyeandika RUDISHENI HELA YANGU LEO, yote kwa herufi kubwa, mara sita. Nikampigia. Akapokea mzee mpole, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani kwetu kabla ya habari ya hela. Nilipomgusia hizo herufi akasema ndogo hazioni, mjukuu ndiye aliyemwekea hivyo kwenye simu. "Leo" yake ilikuwa na sababu pia, alikuwa anasubiri kununua dawa.

Kuna na tofauti za Kiswahili chenyewe. Tulikuwa na wateja Wakenya wanaofanya biashara Namanga na Arusha. Mkenya anaandika, "Nataka pesa yangu, nipe jibu," na vijana wa Dar wanavimba. Wengi wao hawakuwa na ugomvi wowote, ndivyo wanavyosemeshana kwao, moja kwa moja. Sisi tuliolelewa kwenye "naomba" tunasikia ukali ambao mwandishi hakuuweka.

Julai 2021 ndiyo iliyonifundisha kuliko semina zote. Tarehe 15 serikali ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, juu ya makato ya kawaida ya kampuni. Meseji zilimiminika. Tulipewa jibu moja la kukopi na kupesti, lenye maana kwamba tozo iko kisheria na kampuni haihusiki. Hakukuwa na uongo ndani yake hata kidogo, na kila tulipolituma watu walizidi kuwaka. Mtu aliyetuma hela ya matibabu kijijini anauliza mbona salio limepungua kiasi hiki, unamjibu kwamba wewe huhusiki!

Wachache wetu tukaliacha. Tulifungua muamala wa kila mmoja, tukamwandikia: umetuma kiasi hiki, kampuni imekata hiki, tozo ni hiki, salio lililobaki ni hili. Kisha tunaongeza, "Najua ni kubwa kuliko ulivyozoea." Ukweli ni uleule, ila sasa una namba zake yeye. Wengi walijibu "sawa, nimeelewa", na baadhi wakaomba radhi kwa matusi. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba hiyo, lakini dawatini kwetu matusi yalikuwa yameshapungua wiki kadhaa kabla.

Njia hii inakula muda, na sitakuficha. Tulikuwa tunapimwa kwa idadi ya majibu kwa zamu, hivyo aliyeandika kwa utu alionekana mvivu kwenye ripoti. Nililipeleka kwa supavaiza nikiwa na ushahidi: wateja wa majibu ya kukopi walikuwa wanarudi na swali lilelile mara mbili, mara tatu, na kila kurudi kulihesabiwa kama kazi mpya. Kama kwenu mko hivyo, lisemee. Lawama hii si yako peke yako.

Sasa mteja wako. Amekuita kijana, basi huenda ni mkubwa kwako, na lililomuuma ni kuamrishwa na mtoto. Usimweleze kwamba hukukusudia, hilo litamfanya aonekane yeye ndiye mwenye makosa. Kwanza angalia akaunti yake, kama malipo yameingia waambie wahusika wafungue chaneli upya, halafu ndipo uandike. Mimi ningeandika hivi:

"Shikamoo mzee. Ni mimi niliyekujibu jana, nakuomba radhi kwa lile jibu. Nimeangalia, malipo yako tumeyapokea, wewe hujakosea popote. Chaneli zimetumwa upya sasa hivi. Naomba king'amuzi kikae kimewashwa kama nusu saa. Saa kumi nitakutafuta kujua kama zimefunguka."

Na ikifika saa kumi mtafute, hata kama cha kumwambia ni kwamba bado.