Usiambatanishe hata picha moja kabla hujamaliza majina ya faili

Mkuu, ishia hapo hapo, usibonyeze kitu. Umeandika kwamba vyeti na picha za ukoo umeshaskani zote, zimekaa na majina ya mashine, scan0001, scan0002 na kuendelea, na usiku huu unaanza kuziambatanisha kwenye programu ya nasaba, "folda nitapanga baadaye." Hiyo baadaye ndiyo iliyonimaliza mimi. Umeuliza pia programu ipi ni nzuri, uskani kwa ubora gani, na picha iwekwe kwa mtu au kwenye chanzo. Hilo la mwisho tutalifikia, hayo mengine yasubiri, kwanza hili.

Programu nyingi za nasaba hazimezi picha yako. Ukiambatanisha, kinachoingia kwenye hifadhidata ni maandishi ya njia ya faili tu: diski gani, folda gani, jina gani. Picha yenyewe inabaki ilipokuwa. Ni sawa na kuandika daftarini "cheti kipo droo ya pili", halafu mwenyewe ukaja kuhamisha droo. Ukibadili jina la folda, au kwenye Linux ukigeuza herufi moja kubwa kuwa ndogo, programu inakwenda kwenye anwani ya zamani, inakuta patupu, inakuwekea alama ya faili iliyopotea. Haina habari na wewe umepanga vizuri kiasi gani.

Mimi niliambiwa kinyume chake. Kuna bwana mmoja anafundisha kwa video, sauti nzito, kipaza sauti kikubwa kuliko kichwa chake. Akasema tuambatanishe kwanza, programu ina akili, faili itazifuata popote. Popote! Watu wakamuuliza chini ya video mbona picha zao hazionekani, akawajibu kwa kikaragosi cha mikono ya shukrani. Video ipo mpaka leo na watu wanaendelea kumwombea baraka. Mimi nina maombi yangu mengine juu yake.

Basi nikaambatanisha. Vyeti vya kuzaliwa, kurasa za rejista za ubatizo, vyeti vya ndoa, barua, kila kimoja kwenye rejea yake, yaani pale programu inapoandika habari hii imetoka kitabu gani, ukurasa gani. Ilipendeza kweli: unabonyeza tarehe ya kuzaliwa ya bibi, ukurasa wenyewe unafunguka. Halafu nikapata diski ya nje, nikaona sasa wakati wa kupanga umefika. Folda kwa kila tawi la ukoo, majina mapya, yote nikayabadilisha kwa mkupuo. Kazi safi, mtu angeniajiri. Nafungua programu, alama nyekundu mwanzo mwisho.

Na hapo, sikiliza vizuri, nilikuwa bado napona. Njia za zamani zilikuwa bado zimeandikwa ndani ya programu, kwa hiyo ungeweza kusoma moja moja na kujua kila picha ilikuwa ya wapi. Kilichoniua ni msaada. Programu ikafungua kidirisha: kuna faili hazionekani, je, niondoe viambatisho vyake? Yule bwana alishatuambia hiyo ni "kusafisha hifadhidata" na kwamba picha zenyewe hazifutwi. Nikabonyeza Ndiyo. Na kweli picha hazikufutwa, hata moja! Kilichofutika ni habari kwamba picha hii ni ya rejea ile. Habari hiyo haikuwa ndani ya picha, haikuwa kwenye jina la faili, ilikuwa ndani ya programu peke yake.

Nikuonyeshe maana yake. Nina picha ya ukurasa wa rejista ya ubatizo. Wino umepauka, mistari imebanana: jina la mtoto, la baba, la msimamizi. Nilipiga nusu ya chini tu kwa sababu ndiyo yenye jina letu. Mwaka uliandikwa juu ya ukurasa, umebaki nje. Namba ya ukurasa, nje. Jalada la kitabu, wala sikuligusa. Sikuona shida, maana hayo yote nilishayaandika kwenye rejea. Sasa rejea ipo na inataja kitabu na ukurasa, picha nayo ipo, ila hakuna kinachosema hii ni ya ile. Na kwenye ukoo wetu jina hilo analo babu, analo mjukuu, wanalo na binamu wawili wa baba. Aliyebatizwa pale ni yupi? Kazi yangu sasa ni kulinganisha mikia ya herufi kati ya ukurasa na ukurasa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu nimeshamwingiza kwenye mti, cheti chake tu ndicho sikioni.

Utaniuliza bekapu. Nilikuwa nayo, ahsante. Ilikuwa faili la GEDCOM, ule muundo wa kuhamisha data za ukoo kutoka programu moja ya nasaba kwenda nyingine, na GEDCOM 5.5.1, ambayo bado programu nyingi ndiyo zinayoitoa, ni maandishi matupu. Picha haimo. Mna mstari wa FILE wenye njia ya faili, basi. Tena yangu niliitoa baada ya kusafisha, kwa hiyo hata hiyo mistari haikuwemo. Toleo la 7.0 la mwaka 2021 lilileta kifurushi kiitwacho GEDZIP kinachobeba data na picha pamoja, lakini usikitegemee kabla hujahakikisha kwamba programu unayohamia inakisoma.

Kwa hiyo kanuni ni moja: jina la faili na mahali pake viwe vya mwisho kabla hujaambatanisha. Na jina lijitosheleze, mtu asiye na programu yako alisome aijue hati. Mimi siku hizi naandika namna hii: 1931-05-17_ubatizo_kitabu3_uk112, kisha jina la ukoo. Mwaka unatangulia ili faili zijipange zenyewe kwa tarehe. Siku ikiwa haijulikani naweka 00. Nafasi, mkwaju (/) na nukta mbili (:) sitii kabisa, mifumo mingine huzikataa.

Folda usizipange kwa watu wala kwa matawi kama nilivyofanya. Cheti cha ndoa ni cha watu wawili, wa matawi mawili, utakiweka wapi? Utakinakili mara mbili, na mwakani hujui nakala ipi uliyoirekebisha. Panga kwa chanzo: rejista hii folda yake, barua folda yake. Zote ziwe ndani ya folda moja kuu, na uiambie programu kwamba hiyo ndiyo folda ya msingi ya media. Gramps, mojawapo ya programu za nasaba, kwa mfano, ina sehemu hiyo kwenye mapendeleo, na ina zana ya kugeuza njia ndefu zinazoanzia kwenye diski ziwe fupi zinazoanzia kwenye folda hiyo. Ukihama kompyuta unabeba folda nzima, unarekebisha mstari mmoja.

Hilo la mtu au chanzo: sura ya mtu iweke kwa mtu. Hati iweke kwenye rejea. Chanzo ni kitabu kizima, rejea ni ukurasa. Ukirundika kurasa zote kwenye chanzo utakuwa unapekua albamu kila ukitaka kuthibitisha tarehe moja. Na uskani ukurasa wote, kingo kwa kingo, pamoja na jalada. Umesikia? Jalada.

Jina likikulazimu kulibadili baadaye, libadilishe kupitia programu yenyewe kama inaruhusu. Kidirisha cha kuondoa faili zisizoonekana kikija, jibu ni Hapana, hata kama kuna mwenye sauti nzito anakwambia Ndiyo.

Usiku huu ambatanisha faili tatu tu zenye majina ya mwisho. Toa bekapu inayobeba picha, kwenye Gramps ni ile ya .gpkg, na uifungue kwenye kompyuta nyingine kabisa ambayo haijawahi kuona diski yako. Picha zote tatu zikifunguka huko, endelea na zilizobaki. Ikigoma kufunguka hata moja kati yake, weka hapa njia ya faili kama inavyosomeka kwenye programu, tuitazame.