Tumbo limeanza kukataa maziwa baada ya kujifungua: niache kabisa?

SWALI: Mtaalamu, nina miaka 29, nimejifungua miezi minne iliyopita na ninanyonyesha. Tangu utotoni nimekunywa chai ya maziwa bila shida. Baada ya kujifungua, mama mkwe ananipikia bakuli kubwa la uji wa maziwa matupu asubuhi na jioni ili maziwa yatoke vizuri, na katikati nakunywa chai ya maziwa kwa maandazi au chapati. Sasa tumbo linajaa gesi, linanguruma hadi naona aibu mbele ya wageni, na mara nyingine naharisha. Mtindi haunisumbui. Nilishauriwa kupima damu kwenye maabara moja binafsi, nikarudi na orodha ndefu ya vyakula vya kuacha, yakiwemo maziwa, ngano, mayai, karanga na nyanya. Mama mkwe naye anasema mtoto anapata choo laini sana kwa sababu nimemrithisha tatizo, eti nimwachishe ziwa. Nifanyeje? Na maziwa ya mbuzi yatanisaidia? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hongera kwa kujifungua salama, dada, na pole na tumbo.

Tuanze na hiyo orodha, maana ndiyo inayoweza kukuletea madhara haraka kuliko maziwa yenyewe. Kipimo cha aina hiyo huangalia kingamwili, yaani protini za ulinzi wa mwili, zinazoitwa IgG. Mwili wa mtu mzima mwenye afya hutengeneza kingamwili hizo kwa vyakula anavyovila mara kwa mara, kwa hiyo majibu yanaonyesha tu kwamba unakula mayai, karanga na nyanya. Vyama vya wataalamu wa mzio (aleji) vya Ulaya na Marekani vimeshasema wazi kwamba IgG isitumike kutafuta chakula kinachomsumbua mtu. Mama anayenyonyesha akiacha mayai, karanga na maziwa kwa mpigo amejinyang'anya protini iliyo rahisi kupatikana. Na ukiondoa nyanya kwenye mboga zetu, sijui mchuzi utabaki na nini. Rudi kula vyote isipokuwa maziwa, ambayo tutayashughulikia kwa utaratibu.

Maelezo yako yanaelekea sana kwenye laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa. Ili ifyonzwe, lazima ikatwe vipande viwili na kimeng'enya kiitwacho laktesi, kilichoko kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Watoto wachanga wanacho kwa wingi. Baada ya kuachishwa ziwa kinapungua polepole, na takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani wamebaki na kidogo. Laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana ikivuta maji, na huko bakteria wanaichachua na kutoa gesi. Ndiyo hiyo miungurumo na huko kuharisha.

Baadhi ya watu hubaki na laktesi nyingi maisha yote kwa sababu ya mabadiliko ya jeni. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba jamii za wafugaji wa Kenya na Tanzania wana mabadiliko yao wenyewe, tofauti na yale ya Wazungu wa kaskazini mwa Ulaya. Kwa hiyo si ajabu mume na mama mkwe wakanywa maziwa lita nzima wakalala usingizi, na wewe ukakesha. Hujalogwa wala huna tumbo bovu.

Lakini mbona hukuwahi kusumbuka? Hapa hesabu inatusaidia. Glasi ya mililita 250 ya maziwa ya ng'ombe ina laktosi gramu 12 hivi, na wengi wenye laktesi kidogo huvumilia kiasi hicho kwa mara moja, hasa wakinywa na chakula. Kikombe cha chai iliyopikwa nusu maziwa nusu maji kina gramu 6 tu. Ndiyo maana miaka yote hiyo tumbo lilinyamaza. Uji uliopikwa kwa nusu lita ya maziwa matupu unakupa gramu 24 kwa mkao mmoja, mara mbili kwa siku, na chai juu yake. Kama unaongezwa maziwa ya unga, kumbuka kwamba zaidi ya theluthi ya uzito wa unga huo ni laktosi. Naona tumbo lako ni lilelile la zamani. Kilichobadilika ni kiasi cha maziwa.

Mtindi kutokukusumbua ni ushahidi mwingine. Bakteria wanaogandisha maziwa wameshakula sehemu ya laktosi, na vimeng'enya vyao vinaendelea na kazi ndani ya utumbo wako. Samli karibu haina laktosi kabisa. Maziwa ya mbuzi hayatakuokoa, laktosi yake inakaribiana na ya ng'ombe, na ya ngamia vilevile. Kuchemsha sana nako hakuiondoi.

Sasa jipime, na hapa nakuomba subira, kwa sababu wengi hukosea kwa kuacha vitu vingi kwa pamoja. Kipo kipimo cha pumzi kinachopima haidrojeni, mojawapo ya gesi za bakteria hao, baada ya mtu kunywa laktosi, ila hakipatikani kila hospitali. Cha nyumbani kinatosha kwa hali yako. Kwa wiki mbili ondoa maziwa yote mabichi, ya kuchemsha na ya unga, askrimu, na biskuti au mikate yenye maziwa ya unga. Soma karatasi ya pakiti. Vingine vyote viendelee kama kawaida, maandazi yakiwemo, ili mradi yasikandwe kwa maziwa. Tui la nazi halina laktosi. Kila jioni andika kwenye daftari ulichokula na tumbo lilivyokuwa.

Tumbo likitulia, chagua siku ambayo huna safari. Saa 1 asubuhi, kabla ya kula, kunywa glasi moja ya maziwa yaliyochemshwa, bila majani ya chai wala kitafunwa, kisha usile kitu kwa saa tatu, maji ruksa. Dalili za laktosi kwa kawaida hujitokeza kati ya nusu saa na saa mbili. Usiposikia kitu, baada ya siku tatu rudia kwa glasi mbili. Zikikusumbua mbili na moja ikapita salama, umeshaujua mpaka wako, na chai yako unarudishiwa.

Je, kama wiki mbili zinapita na gesi iko palepale? Basi maziwa yanasingiziwa. Wa kushukiwa anayefuata ni ngano yenyewe: maandazi na chapati zina fruktani, wanga mfupi ambao utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuukata, na vitunguu vina mwingi zaidi. Chai ya maziwa na chapati hufika tumboni pamoja, kisha lawama zote zinaangukia kwenye chai! Rudia utaratibu uleule kwa ngano, wiki mbili, kitu kimoja kimoja. Maharage nayo yana sukari za namna hiyo. Yaloweke usiku kucha na maji yake uyamwage.

Kama kuharisha kulianza ghafla baada ya maambukizi ya tumbo, pima choo kwanza. Vijidudu kama giardia huujeruhi ukuta wa utumbo na laktesi inapungua kwa muda, kisha hurudi wiki kadhaa baada ya kutibiwa. Na usijipime nyumbani hata kidogo kama maziwa yanakuletea vipele vya kuwasha, uvimbe wa midomo au kubanwa pumzi. Huo ni mzio wa protini ya maziwa, hata kijiko kimoja ni hatari, na ni kazi ya daktari. Vivyo hivyo ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, au kuharisha kukikuamsha usiku.

Ukithibitika kuwa ni laktosi, usikimbilie kuacha maziwa kabisa. Unahitaji kalsiamu miligramu 1,000 hivi kwa siku, na glasi moja ya maziwa au mtindi inakupa karibu 300. Kula mtindi kila siku, dagaa wazima na mifupa yao, na sukuma wiki. Mchicha ni mboga nzuri, ila kalsiamu yake kubwa imefungwa na oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye mboga hiyo, hivyo hufyonzwa kidogo. Vidonge vingi, vikiwemo baadhi vya uzazi wa mpango, vina laktosi ya kujazia, lakini kwa kawaida ni chini ya gramu moja kwa kidonge, hivyo visikutishe.

Kuhusu mama mkwe, sioni haja ya ugomvi. Mwombe aendelee kupika uji uleule kwa maji, atie karanga za kusagwa au tui, au achanganye mtindi ukishapoa. Maziwa ya mama yanaongezwa na mtoto kunyonya mara kwa mara, na mama kula na kunywa vya kutosha. Si lazima yapitie kwenye maziwa ya ng'ombe.

Na mtoto, tafadhali usimwachishe. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, gramu 7 hivi kwa mililita 100, na matiti yanaitengeneza yenyewe hata usipogusa maziwa mwaka mzima. Mtoto wa miezi minne ana laktesi ya kutosha. Kuzaliwa bila hiyo ni jambo la nadra mno. Choo laini cha njano, hata mara kadhaa kwa siku, ni cha kawaida kwa anayenyonya. Angalia kadi yake ya kliniki: mstari wa uzito ukipanda vizuri, endelea kumnyonyesha. Akiwa na damu au makamasi kwenye choo, ukurutu usiopoa, au uzito umesimama, mpeleke kliniki, kwa kuwa protini ya maziwa ya ng'ombe unayokunywa, tofauti na laktosi, inaweza kupita kidogo kwenye maziwa yako, na hapo ndipo mtaalamu anaweza kukuambia uyaache kwa muda huku ukiendelea kunyonyesha.