Gari Langu: Nako Iliyopinda

Swali: Niligonga jiwe njia ya Kibosho. Alaimenti (kupanga matairi yakae sawa) imefanywa mara mbili, bado tairi la kushoto limelala na usukani unavuta. Nifanyeje? (Msomaji, Moshi)

Jibu: Ndugu msomaji, ikiwa bolijointi, bushi na shokapu ni vizima, shuku nako, kile chuma kinachobeba beringi na habu, yaani kitovu ambacho tairi hufungwa. Usikubali ichomwe moto inyooshwe. Chuma hulegea, na kwenye miteremko yenu hiyo ni hatari kubwa. Tafuta nako ya upande huohuo, yenye tundu la sensa ya ABS (mfumo wa breki unaozuia matairi kujifunga) kama gari inayo.

Legeza nati ya habu tairi likiwa bado chini, ndipo upige jeki na kuweka stendi. Kalipa, kile kinachobana pedi za breki, ifungwe kwa waya, isining'inie kwa mpira wa breki. Tairodi, fimbo inayounganisha usukani na nako, itolewe kwa pula, kifaa cha kuvutia. Nyundo huchana kifuniko chake cha mpira.

Beringi nunua mpya, maana kuitoa huiharibu. Ikiingizwa kwenye nako, presi (mashine ya kukandamiza) isukume ringi ya nje tu. Ikisukuma ya ndani, gololi huumia na beringi huanza kulia mapema. Kisha, ukiingiza habu, ringi ya ndani ndiyo iegemezwe.

Nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari, halafu alaimenti upya.