Kamera ya sangara na hataza: mkaguzi atauliza nini

Mdogo wangu, umeuliza kama kifaa chako cha kusafisha picha za sangara pale mwalo wa Kirumba, Mwanza, kwa akili mnemba inayozalisha picha, kinaweza kupata hataza, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi wako (patent). Kinaweza, ila jina la akili mnemba pekee halitakubeba.

Mkaguzi wa maombi ya hataza atajiuliza: fundi mzoefu wa picha angefika hapo kirahisi? Ukiandika tu "kamera inapiga, modeli inaboresha", atakataa, na atakuwa na haki. Eleza kilicho chako: ulivyoifundisha modeli kushughulika na mng'ao wa magamba yaliyolowa, na unavyoizuia isibuni jeraha ambalo samaki hana. Hilo la pili ndilo zito, liandikie kurasa. Weka vipimo vya kabla na baada.

Kwenye ombi, sehemu ya mvumbuzi, andika jina lako, si la akili mnemba. Hata Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua mwaka 2023 kwamba mashine haiwezi kuwa mvumbuzi.

Na tafadhali sana, usikionyeshe Nanenane kabla ya kuwasilisha ombi BRELA, wakala wa usajili wa hataza Tanzania Bara, au ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu Afrika, ukitaka ulinzi ufike Kenya na Uganda pia. Kukitangaza mapema kunaweza kuua sifa ya upya, na hataza hutolewa kwa kitu kipya tu.