Likizo ya wiki moja haikunisaidia kitu

Nilipoingia startapu, yaani kampuni changa ya teknolojia, tulikuwa watu sita tu na mwanzoni ilikuwa raha tupu, asubuhi unaandika kodi za programu, mchana unajibu wateja, jioni mnacheka, na unakiona kabisa kitu mlichokijenga kinatembea. Shida ilikuja polepole. Seva ikizima usiku napigiwa mimi, mteja akilalamika Jumapili najibu mimi, bosi akiuliza kwenye grupu saa tano usiku nani yuko macho, mimi huyo, tena mbio mbio ili niwe wa kwanza (najua, najua).

Mwaka wa pili nikawa sijijui mwenyewe. Usingizi nilikuwa napata ila naamka nimechoka vilevile. Kilichonishtua zaidi ni kwamba nilianza kuwachukia wateja, mtu anauliza swali la kawaida kabisa mimi moyoni namtukana. Na kazi ya saa moja naikalia siku nzima, naifungua naifunga. Baadaye ndo nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa ufafanuzi wa hali hii, wanaiita burnout, kwenye ICD-11 (orodha yao ya magonjwa na hali za kiafya), hawaiiti ugonjwa, wanasema inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haujashughulikiwa, na dalili ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi yako, na kuona huiwezi tena. Zote nilikuwa nazo. Nikafunga laptopu nikakaa kimya.

Nikaomba likizo wiki moja. Nikalala weee, nikarudi Jumatatu freshi, Jumatano nipo palepale. Mapumziko yalikuwa mazuri tu ila kazi ilikuwa imekaa inanisubiri kama nilivyoiacha, na kitu nilichochelewa kukikubali ni kwamba nilikuwa napenda kuwa mtu pekee mwenye paswedi. Inapandisha kichwa bwana! Unajiona wa maana sana, kumbe huwezi hata kuumwa.

Kwa hiyo kama uko hapo, anzia kwenye hivyo vitu unavyovijua peke yako. Viandike hatua kwa hatua, mpe mwenzako funguo, halafu pangeni zamu za usiku. Mara ya kwanza seva ilipozima si zamu yangu, mwenzangu alihangaika nayo masaa mawili, mimi ningeimaliza kwa dakika ishirini, nikauchuna. Aisee hiyo ilikuwa ngumu kuliko kazi yenyewe.

Bosi naye usimwendee na "nimechoka", utapewa pole na kazi utaendelea nayo. Mimi nilimpelekea orodha ya vitu kumi na moja nilivyofanya wiki ile nikamuuliza tuache vitu gani. Vitatu hata hakujua kama vipo.

Na hesabu masaa yako, usikisie. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani walisema anayefanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki hatari yake ya kupata kiharusi ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko wa masaa 35 hadi 40. Yangu yalikuwa yanagonga 70, na kila mara tunaambiwa tupambane miezi mitatu tu, sasa muulize anayesema hivyo hiyo mitatu inaisha lini.

Simu siku hizi inalala sebuleni. Usiku wa kwanza niliamka mara mbili kwenda kuichungulia.